Mwongozo wa Kumchunguza Kwera Alijuavyo Yai Lake, kwa Wakaao Meru na Embu

Katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, tangu Embu na Runyenjes hadi Chogoria, Nkubu na Meru mjini, haupiti msimu wa mvua bila ya mti fulani ulio karibu na maskani ya watu kujaa viota vilivyofumwa kwa majani mabichi, vikining'inia juu ya migomba na mikahawa, na kelele za wenye viota hivyo zikasikika tangu alfajiri hata magharibi. Mwenye kelele hizo ni kwera, ndege wa manjano mwenye kichwa cheusi na jicho jekundu, ambaye watu wa pwani humwita pia mnana. Wakulima wengi humjua kwa hasara tu, kwa kuwa huchana majani ya migomba na kudokoa nafaka, nami siikanushi hasara hiyo. Hata hivyo, ndani ya viota vile hupitishwa kila msimu hukumu ambayo wataalamu wa dunia nzima wameitazama kwa taadhima: ndege asiyefikia uzito wa gramu 50 huyaangalia mayai mawili au matatu yaliyo mbele yake, katika mwanga hafifu wa kiota, akaamua lipi alitagalo yeye na lipi limeletwa na laghai. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe upendaye kuishuhudia hukumu hiyo kwa macho yako, pasipo kumdhuru ndege yeyote.

Laghai mwenyewe ni kekeo. Katika nchi yetu wako wa namna nyingi, na yule mwenye kifua chekundu, ambaye sauti zake tatu zishukazo husikika mvua zikaribiapo, huenda ndiye unayemjua zaidi. Lakini huyo hana haja na kwera, bali hutafuta viota vya ndege waimbao vichakani. Anayemwandama kwera ni kekeo mdogo, mwenye mgongo wa kijani kilichochanganyika na rangi ya shaba, tumbo jeupe na michirizi ubavuni, ambaye wenye elimu humwita Chrysococcyx caprius, na ambaye hupiga mlio mkali wa kurudiarudia, uendao mbio mwishoni. Jike lake huvizia hata mwenye kiota atoke, huingia kwa muda mfupi sana, aghalabu huondoa yai moja la mwenyeji, na huacha lake mahali pake. Kinda lake kwa kawaida huanguliwa mapema, na katika siku zake za mwanzo, likiwa bado kipofu na halina unyoya mwilini, huyabeba kwa mgongo mayai yaliyobaki na kuyasukuma nje, moja baada ya jingine. Kwa hiyo kwera akosaye kulitambua yai hilo hapungukiwi na mtoto mmoja tu, bali hupoteza uzazi wake wote wa mara ile.

Kabla hujaukaribia mti wowote, shika jambo hili, kwa maana ndilo msingi wa kila utakaloliona: kwera hamjui mgeni, anajua vyake. Hana kichwani mwake sura ya yai la kekeo iliyowekwa tangu kuzaliwa. Alichonacho ni maarifa ya yai lake mwenyewe, na chochote kisichowafikiana na maarifa hayo hukitia shaka. Mtazamaji akianza kwa kulitafuta yai la kekeo atapoteza wakati wake wote, kwani yai hilo limefanyizwa kwa hila lifanane na ya mwenyeji. Lakini akianza kwa kuyajua vyema mayai ya kila jike wa kwera, lile lisilo lake litajidhihirisha lenyewe.

Na hapa ndipo penye ajabu kubwa. Jike mmoja wa kwera hutaga mayai ya sura moja maisha yake yote, lakini sura hiyo haifanani na ya jirani yake aliye kwenye tawi la pili. Huyu mayai yake ni meupe matupu. Yule ni ya buluu hafifu yenye madoa ya hudhurungi. Wa tatu ni ya kijani kilichokoza, wa nne ya kijani na madoa mazito upande wa butu. Rangi mbili tu ndizo zifanyazo kazi hiyo katika maganda ya ndege, moja ya buluu na kijani na nyingine ya hudhurungi, lakini kwa kuzichanganya na kuzipunguza kila jike amepata muhuri wake, na kekeo, ambaye naye kila jike wake hutaga yai la sura moja tu, hawezi kuwa na mihuri ya wote. Mtaalamu Victoria, aliyewachunguza kwera waliofugwa na kuandika matokeo yake mwaka 1972, alikuta kwamba jike hulitupa yai la kigeni kwa kadiri ya tofauti yake na yake mwenyewe: likitofautiana kwa rangi na kwa madoa pia, hutupwa upesi, likikaribiana, huponea.

Ithibati iliyo nzito kuliko zote haikupatikana Afrika, ilipatikana visiwani. Kwera walipelekwa na watu kutoka Afrika Magharibi hadi kisiwa cha Hispaniola, chenye nchi za Haiti na Jamhuri ya Dominika, katika karne ya 18. Na wengine walipelekwa Morisi kutoka Afrika Kusini mwishoni mwa karne ya 19. Huko hakuna kekeo wa kuwalaghai. Mwaka 2005 mtaalamu David Lahti alieleza yaliyowapata: mayai ya majike mbalimbali yalikuwa yamekaribiana sura kuliko ya barani, na mayai ya jike mmoja ndani ya kiota kimoja yalikuwa yameanza kutofautiana yenyewe kwa yenyewe. Muhuri ulikuwa unafutika. Aliporudi kuupima uwezo wao wa kukataa mayai ya kigeni, alikuta kwamba ndege hao walikuwa wakingali na nia na akili ya kukataa. Kilichopungua ni wepesi wa kazi yenyewe, kwa kuwa mayai yao yaliwapa ushahidi dhaifu. Mimi sijaona hoja iliyo bora kuliko hiyo ya kuonyesha kwamba kutambua yai ni kazi ya wawili, jicho la ndege na ganda la yai, na kwamba ganda likiharibika jicho peke yake halitoshi.

Sasa tuje kwenye utendaji. Majira yako ni mawili, kwa kuwa kwera hufuata mvua: masika, tangu mwezi wa Machi hadi Mei, na vuli, tangu Oktoba hadi Desemba, ambayo kwa watu wengi wa upande wa Meru ndiyo mvua ya kutegemewa zaidi. Usingoje viota viwe vikavu na vya kahawia. Kiota cha kahawia aghalabu kimekwisha kuachwa, au kimekataliwa na majike na dume atakibomoa. Tafuta vilivyo vya kijani kibichi au vilivyoanza kuwa vya manjano, na hasa kile ambacho jike anaonekana akikitandika ndani kwa nyasi laini. Chagua mti wenye matawi yanayoinama chini, mathalani pembezoni mwa mto Rupingazi au Kathita, au mti ulio uani mwa mtu akuruhusuye, ili usilazimike kupanda. Anayepanda hukwanyua matawi, na hukutana na nyoka, kwa kuwa makoloni ya kwera huvutia nyoka wa mitini walao mayai na makinda. Na mmoja wao, yule wa kijani mwenye macho makubwa, sumu yake huua.

Vyombo vinavyohitajiwa ni vichache: darubini, daftari, kalamu ya risasi isiyofutwa na mvua, kioo kidogo kilichofungwa kwenye ncha ya kijiti kirefu, na tochi yenye mwanga mweupe. Nasisitiza mweupe, kwa sababu mwanga wa manjano hukufanya uuone weupe kuwa maziwa na buluu kuwa kijani, na daftari lako lote litakuwa la uongo. Ingiza kioo taratibu kwenye mlango wa kiota, ulioko chini, mulika kwa kitambo kifupi tu, tazama, ondoka, kisha andika ukiwa mbali. Usifanye hivyo mvua inaponyesha, wala katika jua kali la adhuhuri, wala asubuhi na mapema, ambapo jike hutaga. Saa tatu au saa nne ni wakati mwafaka. Yai usiliguse kabisa.

Andika nini? Idadi ya mayai iandike, lakini usiitegemee. Hili ndilo kosa la wanaoanza: huhesabu mawili leo, mawili kesho, wakasema hakuna lililotokea, ilhali kekeo huenda ameondoa moja na kuweka moja, na hesabu imebaki vilevile. Ziandike sura: rangi ya msingi ya yai, madoa au pasipo madoa, ukubwa wa madoa, na mahali yalipojikusanya. Kwera hutaga yai moja kwa siku, hivyo ukikitembelea kiota kila siku ya pili tangu yai la kwanza, utaujua muhuri wa jike huyo kabla hajaanza kuatamia, kazi ambayo humchukua siku 12 hivi. Lile litakalozuka na sura nyingine, liwekee alama daftarini, kisha uangalie: je, kesho kutwa lipo? Likiwa limetoweka na mengine yako salama, hukumu imepita.

Usisahau kutazama chini. Kwera akilikataa yai hulidona au kulishika kwa mdomo na kulitupa nje, na chini ya mti utalikuta limevunjika juu ya majani makavu au katikati ya mashina ya mikahawa. Jifunze kulipambanua na ganda la yai lililoanguliwa: lililoanguliwa ni kavu ndani, limekatika kwa mzunguko unaokaribia kuwa sawa, nalo ni vipande vyepesi, lililotupwa lina unyevu wa kiini, mara nyingi lina tundu la mdomo, na sisimizi wamelizunguka. Piga picha ya kila ganda la namna hii ukiliweka juu ya karatasi nyeupe. Katika koloni kubwa, ardhi iliyo chini ya mti hukupa habari nyingi kuliko kioo chako.

Hapo sharti nikuhadharishe na hukumu ya pupa. Si kila yai la kigeni ni la kekeo. Mtaalamu Wendy Jackson, aliyefanya kazi kando ya Ziwa Baringo, hapa hapa Kenya, akachapisha matokeo yake katika miaka ya 1990, aliwachunguza kwera wa aina nyingine, jamaa wa karibu wa hawa wetu, akakuta kwamba majike wa koloni moja hutagiana mayai viotani, na kwamba wizi huo wa jirani ulikuwa jambo la kawaida. Kwa hiyo mihuri ile tuliyoisema yamkini haikuzuka kwa ajili ya kekeo peke yake. Jirani naye ana sehemu yake katika kuwatia majike hadhari. Wewe uliye chini ya mti, ukiona yai la buluu katikati ya mayai meupe, andika "la kigeni" na usithubutu kuandika "la kekeo" mpaka umemwona kekeo akiingia, au umeliona kinda lake.

Kuna jambo jingine ambalo macho yetu hayawezi kulifikia. Ndege huona kwa vipokezi vinne vya rangi ilhali sisi tuna vitatu, na miongoni mwa aonayo ni mwanga wa urujuanimno usioonekana kwetu. Yamkini mayai mawili uyaonayo wewe kuwa sawasawa, kwake yeye si sawa hata kidogo. Ukiona yai limetupwa na wewe hukuona dosari yake, usimhesabie ndege kosa.

Ukitoka kwenye miti ya kwera ukaenda kwenye nyasi ndefu za kando ya shamba, utamkuta ndege mdogo wa hudhurungi, mwenye mkia mrefu autikisao daima, ambaye jina lake la kitaalamu ni Prinia subflava. Mayai yake yana namna nyingi kupita hata ya kwera: meupe, ya buluu, mekundu-mekundu, ya rangi ya zeituni, yenye madoa na mikwaruzo ya kila umbo. Huko Choma, kusini mwa Zambia, Claire Spottiswoode na Martin Stevens walionyesha mwaka 2010 kwamba prinia hapimi kitu kimoja. Hutazama rangi, na ukubwa wa madoa, na yalivyotawanyika. Adui yake huko si kekeo, ni ndege mdogo wa manjano aitwaye Anomalospiza, na adui huyo ana hila ya ziada: hurudi kwenye kiota kile kile na kuweka yai zaidi ya moja. Baadaye wataalamu hao walikuta kwamba mayai ya kigeni yakizidi kiotani, mwenyeji huchanganyikiwa na kukataa kwake kunapungua. Maarifa ya vilivyo vyake yapo, lakini ushahidi ulioko mbele ya macho nao una nguvu. Kiota cha prinia kimefumwa chini, kwenye majani, na ni chepesi mno. Kitazame kwa mbali tu, kwa kuwa njia ya nyasi uliyoikanyaga ndiyo itakayomwongoza paka.

Huenda ukatamani kufanya jaribio mwenyewe, kwa kulihamisha yai la kiota hiki hadi kile. Jaribio hilo lina historia ndefu katika Afrika. Charles Swynnerton, aliyekuwa akikaa Chirinda, katika iliyokuwa Rhodesia ya Kusini, aliweka mayai ya kigeni katika viota vya ndege wa aina nyingi na kuandika katika jarida la Ibis la mwaka 1918 jinsi walivyoyakataa, naye akawaza mapema kuliko wengi kwamba tofauti za mayai ya wenyeji zilizuka ili kumshinda kekeo. Mwaka uliofuata alishika uongozi wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, akashughulika na mbung'o hata alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Wazee wa Meru na Embu wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine: mwanawe, Roger Swynnerton, ndiye mwenye Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, ulioeneza mikahawa kwa wakulima Waafrika wa milima hii, na mikahawa hiyo ndiyo leo hupokea maganda yanayotupwa na kwera. Lakini wewe usimwige baba mtu. Ndege wa porini na mayai yao wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na anayetaka kufanya majaribio sharti apate kwanza idhini ya serikali na ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kutazama kunatosha, na kutazama kwa subira kumefunua mengi ambayo haraka ya majaribio imeyapita.

Usidhani pia kwamba kila ndege hukataa. Huko chini, kwenye ukame wa Mbeere na Tharaka ambako watu hutundika mizinga, yuko mlembe, ndege yule awaongozaye warina asali, naye hutaga katika mashimo ya keremkerem na ndege wengine wakaao mashimoni. Ndani ya shimo kuna giza, rangi haina faida, na mwenyeji aghalabu hulipokea yai. Kisha kinda la mlembe, likiwa na kulabu mbili kali kwenye ncha za mdomo, huwauma makinda ya mwenyeji mpaka wafe. Fumbwe naye hutaga mayai meupe miongoni mwa mayai meupe ya ndege wadogo walao mbegu, na ghiliba yake imehamia kwenye alama za kinywa cha kinda. Na kule Afrika Kusini, shore wa Rasi hupokea yai jeupe la kekeo mwingine, kubwa na la ganda nene, lisilofanana hata chembe na yake. Mwaka 2011 Oliver Krüger alieleza kwamba mdomo wa shore hauwezi kulishika wala kulitoboa yai hilo, na kukihama kiota kungemgharimu zaidi kuliko kuvumilia. Kuona na kutenda ni mambo mawili. Asiyetupa huenda anaona.

Utauliza, na ni swali la haki: mbona kwera yule yule aliyeweza kuitambua tofauti ya madoa machache humlisha kinda la kekeo lisilofanana naye kwa lolote? Arnon Lotem alitoa jibu mwaka 1993 ambalo naliona kuwa la insafu. Ndege wengi hujifunza mayai yao kwa kuyatazama katika uzazi wa kwanza, na hata kama la kekeo limo, yao pia yamo, hivyo hujifunza yote na hasara ni ndogo. Lakini kinda la kekeo huwa peke yake kiotani. Mama ambaye angejifunza sura ya watoto wake kwa njia hiyo, na akawa amelaghaiwa mara ya kwanza, angelishika hilo la kekeo kuwa ndilo lake, na maisha yake yote yaliyobaki angewaua watoto wake halisi. Afadhali asijifunze kabisa.

Daftari lako likijaa misimu miwili au mitatu, usilifungie sandukuni. Idara ya ndege ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, na chama cha Nature Kenya, kilichoanza mwaka 1909, hupokea kumbukumbu za raia, na mradi wa Kenya Bird Map huziweka katika ramani. Peleka tarehe, mahali, aina ya mti, sura za mayai na picha za maganda. Na ukiwa na neno mbele ya jirani anayekusudia kuukata au kuuchoma mti wenye viota kwa sababu ya migomba yake, mwombe angoje hadi makinda waruke. Ni wiki chache tu, na migomba itachipua majani mengine.